Moi South Lake: tawi la barabara linalopita kusini mwa Ziwa Naivasha

Moi South Lake ni barabara inayochepuka kutoka barabara ya zamani ya Mai Mahiu, kusini kidogo mwa mji wa Naivasha, Kaunti ya Nakuru, na kufuata ukingo wa kusini wa ziwa hadi Kongoni. Urefu wake hauzidi makumi machache ya kilomita, lakini ni nadra kwa njia fupi namna hii kubeba mali nyingi kiasi hiki.

Ardhi hii ilikuwa malisho ya Wamaasai hadi mkataba wa 1904 ulipowahamisha ili kuwapisha walowezi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilitua ziwani, na abiria wakamalizia safari ya Nairobi kwa gari.

Maua ndiyo yaliyoibadilisha kabisa ardhi hii. Kituo cha matatu kiitwacho DCK kimebaki na jina la Dansk Chrysanthemum Kultur, kampuni ya Kidenmark iliyotangulia kulima maua hapa. Kampuni ya Oserian ikaanza kilimo chake cha maua mnamo 1982. Ziwa hili halina mto unaotoka, lakini maji yake ni baridi, si ya chumvi kama ya Nakuru na Elmenteita, kwa kuwa hupenya chini ya ardhi. Bila maji hayo waridi lisingeota hapa. Likishakatwa huwekwa penye baridi, hupakiwa kwenye lori na kukimbizwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kisha Uholanzi. Shimo moja kwenye lami ni hasara kwa mzigo unaohesabiwa kwa saa.

Wafanyakazi wa mashamba ya maua, wengi wao kutoka magharibi mwa Kenya, walijenga maisha yao katika mitaa ya Karagita na Kamere. Alfajiri hujaa kandokando ya barabara, kwa miguu na kwa bodaboda. Anayepita anaweza kwenda mwendo mrefu asilione ziwa lenyewe: uzio na vivungulio vya plastiki vimesimama katikati. Njia za kufikia maji, kwa mifugo na kwa wavuvi, zimekuwa chache mno, na hilo ni kosa linalostahili kurekebishwa.

Upande wa kushoto, ukitoka mjini Naivasha, njia hukata kuelekea Hell's Gate, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1984, mojawapo ya chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Nyuma yake ni Olkaria. Uchimbaji wa majaribio wa kutafuta mvuke wa ardhini ulianza miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza wa mvuke ukatoa umeme mwaka 1981, megawati 15. Mwaka 2014 mradi wa Olkaria IV ulihamisha familia za Wamaasai, miaka 110 baada ya mkataba ule. Mbele kidogo barabarani ni Elsamere, iliyokuwa nyumba ya Joy Adamson, aliyemlea simba Elsa.

Ziwa lenyewe halitulii. Mwaka 2009 ukame ulilirudisha nyuma sana. Mwaka 2020 likafurika na kuzamisha nyumba za mtaa wa Kihoto. Oloiden, ziwa dogo karibu na Kongoni, hutengana na kubwa maji yakipungua na kuungana nalo yakijaa. Kutoka Kongoni, Moi North Lake hulizunguka ziwa upande wa magharibi na kurudi kwenye barabara kuu ya Nairobi–Nakuru.