Isnadi ya Mchoro: Historia ya Kukusanya Sanaa Mnadani, Ikitazamwa kutoka Singida

Mkoa wa Singida, wenye majabali yaliyopandana juu ya mbuga na maziwa ya maji ya chumvi yaliyo ubavuni mwa mji wake, hauna nyumba ya mnada wa sanaa. Walakini wakazi wake, kwa urithi wa ufugaji, wanazijua kanuni za mnada kuliko wengi wanaoketi vitini London au Paris. Mfugaji wa Ikungi au wa Iramba apelekapo fahali mnadani anajua ya kuwa mnunuzi mwenye busara hatosheki na unono, bali hufungua kinywa cha mnyama akatazama meno, hutafuta chapa ya moto, huuliza ametoka zizi la nani na kibali cha kumtoa kijijini kiko wapi. Na fahali asiye na majibu ya maswali hayo hupunguziwa bei au hurudi alikotoka. Sanaa huuzwa kwa desturi hiyo hiyo. Kinyago, picha ya rangi au katuni ya gazeti hupanda bei kwa isnadi yake, kwa ule mfululizo wa mashahidi unaoanzia mkononi mwa aliyeifanya hadi mkononi mwa anayeiuza. Na dhamira ya makala haya ni kuonyesha jinsi isnadi hiyo ilivyokatika katika nchi yetu, hususan katika mkoa huu, na mahali ambapo ingali yaweza kuungwa.

Ukusanyaji wenyewe ulianza mapema. Wajerumani walipojenga boma lao Mkalama, kaskazini ya mkoa wa leo, askari walifuatwa na wataalamu. Mwaka 1911 Erich Obst, kiongozi wa msafara uliotumwa na Jumuiya ya Jiografia ya Hamburg, alipita Mkalama akielekea kwa Wahadzabe, ambao yeye aliwaita Wakindiga. Na Eberhard von Sick, afisa aliyekaa katika nchi ya Wanyaturu, aliandika juu yao maelezo marefu yaliyochapishwa Berlin wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye, nchi ikiwa tayari chini ya Waingereza, alikuja Ludwig Kohl-Larsen, tabibu na msafiri wa nchi za barafu, ambaye katika safari zake mbili kati ya 1934 na 1939, akiwa pamoja na mkewe Margit, alichimba katika pango la Mumba karibu na ziwa Eyasi, akaandika ngano za Wanyisanzu na za jirani zao, na kunakili michoro ya kale iliyo juu ya mawe. Alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler, na safari zake zilifanyika wakati Ujerumani ilipokuwa ikidai kurudishiwa makoloni yake; jambo hilo halifai kufichwa na yeyote asomaye vitabu vyake. Hata hivyo insafu yatulazimu kukiri kwamba watu hao, kwa kadiri walivyotia tarehe na majina ya mahali katika daftari zao, waliacha njia ambayo mtafiti wa leo aweza kuifuata kurudi nyuma.

Hasara iliyo kubwa zaidi ilikuja kwa wale ambao hawakuandika kitu. Katika orodha za minada ya Ulaya huonekana vinyago na vigoda vilivyopewa jina la Nyaturu, kisha basi: hakuna kijiji, hakuna jina la mchongaji, hakuna habari ya shughuli iliyokuwa ikifanywa kwa kitu hicho, wala ya siku kilipotoka mikononi mwa wenyewe. Kwa muda mrefu wakusanyaji wa Ulaya, waliozoea sanamu za Kongo na za Afrika Magharibi, walidhani kwamba Tanzania haina uchongaji wa kutajwa ila wa Wamakonde. Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 1994 kwa maonyesho makubwa ya Berlin na Munich, yaliyopewa hata anwani ya Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Tangu hapo vitu vya nchi yetu vikatafutwa kwa bidii mpya. Kwa bahati mbaya, bidii ya mnunuzi huamsha bidii ya mghushi pia, na kinyago kisicho na isnadi ndicho kilicho rahisi kughushiwa kuliko vyote.

Sheria haikukosekana. Serikali ya kikoloni ilitunga amri ya kuhifadhi kumbukumbu za kale mwaka 1937, na nchi huru ikatunga Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo huvilinda vitu vilivyofanywa na mikono ya watu kabla ya 1863, na ambayo huitia katika hifadhi hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Lakini sheria hulinda kile kilichotambuliwa, na utambuzi wataka maandishi. Kisa cha kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam mwaka 1984 ni ushahidi usiokanushika: kilinunuliwa Paris mwaka uliofuata kwa ajili ya makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, kikatambuliwa baadaye na mtaalamu mmoja wa Kitaliano, na baada ya mashauriano ya miaka mingi kikarudishwa mwaka 2010. Kiliweza kurudi kwa sababu kilikuwa mali ya makumbusho yenye kumbukumbu zake. Kinyago cha kijiji cha Singida kilichoondoka usiku, ambacho hakikupata kuandikwa popote, kitadaiwa kwa hati gani?

Mnada nao huuliza hati, na nyumba zake kubwa ni kongwe: Sotheby's ilianza 1744, Christie's 1766, Bonhams 1793, zote London. Kazi hukaguliwa, hupigwa picha, huchapishwa katika orodha pamoja na makadirio ya bei; muuzaji hukubaliana na nyumba kwa siri juu ya kiwango ambacho chini yake kitu hakitolewi; na nyundo igongapo, mnunuzi hulipa bei iliyotajwa pamoja na ada ya nyumba. Katika orodha hiyo, chini ya picha, huandikwa isnadi, na macho ya mkusanyaji mzoefu hukimbilia hapo kwanza. Januari 2021 nyumba ya Artcurial ya Paris iliuza kwa takriban euro milioni 3.2 mchoro ambao Hergé, yule Mbelgiji aliyemchora Tintin, aliuchora mwaka 1936 uwe jalada la kitabu, ukakataliwa kwa kuwa rangi zake zingegharimu mno kuchapwa. Familia ya mchapishaji ilieleza kwamba mchoro huo ulipewa mtoto wao, ukakunjwa na kulazwa katika saraka kwa miaka mingi; na makunyanzi ya kukunjwa, ambayo mtu asiyejua angeyahesabu kuwa aibu ya karatasi, yalikuwa shahidi mmoja katika mashahidi wake.

Katuni za siasa zina historia inayotugusa sisi moja kwa moja. Tarehe 10 Disemba 1892 gazeti la Punch la London lilichapisha mchoro wa Edward Linley Sambourne, unaomwonyesha Cecil Rhodes, yule beberu wa Kiingereza, amesimama kama jitu, mguu mmoja Misri na mwingine Rasi, kusini mwa Afrika, ameunyosha waya wa simu kwa mikono miwili juu ya bara zima. Wino wa mtu mmoja ulieleza tamaa ya dola kwa uwazi ambao hotuba za bunge hazikuufikia. Na nchi zetu, zilizolala kati ya miguu ile, hazikuulizwa. Waingereza walitambua mapema kwamba michoro ya namna hiyo ni historia ya taifa, na tangu 1973 Chuo Kikuu cha Kent, katika mji wa Canterbury, kinahifadhi asili za katuni zao kwa maelfu. Asili ina mambo ambayo gazeti halina: mistari ya penseli iliyo chini ya wino, rangi nyeupe iliyofunika kosa, kipande cha karatasi kilichogandishwa juu ya uso uliobadilishwa dakika ya mwisho, na pembeni maagizo ya mhariri kwa mpiga chapa. Humo twamwona mchoraji akifikiri, na mara nyingine twaona alichokatazwa kusema.

Sisi nasi tulikuwa na mabingwa. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, Christian Gregory alimchora mhusika Chakubanga katika gazeti la Uhuru, akawasema wavivu, walevi, wala rushwa na wakubwa waliojisahau, kwa kicheko ambacho msomaji wa Manyoni au Kiomboi alikielewa bila kufafanuliwa. Wakati huo huo, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, Edward Gitau akimwendesha Juha Kalulu katika Taifa Leo. Miaka ya 1980 ikaleta jarida la Sani na kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 angali kijana sana. Na mfumo wa vyama vingi uliporejea 1992, magazeti ya watu binafsi yalifungua uwanja kwa kizazi kipya, akiwamo Masoud Kipanya aliyemfanya panya mdogo kuwa msemaji wake. Mwaka huo huo Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam ajulikanaye kwa lakabu ya Gado, alijiunga na gazeti la Nation la Nairobi, akawa mchora vibonzo mashuhuri kupita wote katika Afrika Mashariki.

Kazi hizo zilisomwa na umma kuliko riwaya yoyote iliyoandikwa zama hizo, nami nazihesabu kuwa fasihi kamili. Lakini kwa mazoea ya vyumba vya habari mchoro ulipokwisha kupigwa picha kwa ajili ya chapa, uliaminika kuwa umemaliza kazi yake; gazeti lenyewe lilisomwa, likapokezanwa barazani, kisha likafungia karanga sokoni. Hivi leo wachoraji wengi huchora juu ya kioo cha kompyuta, na mchoro huzaliwa pasi na karatasi. Kwa hiyo michoro ya wino ya miaka ile ndiyo yote itakayokuwapo, na kila inayoliwa na mchwa haina badali.

Wachoraji wa rangi walipata bahati nyingine, na msiba mwingine. Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na London, picha yake ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iliyochorwa 1956, imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Isnadi yake imekamilika. George Lilanga, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam na kufariki 2005, alisafirishwa na mashetani wachekao aliowachora hadi katika minada ya Ulaya. Lakini Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora kwa miaka michache tu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine ilipomuua 1972. Alitumia mbao za dari na rangi ya baiskeli, akawauzia wapita njia bila risiti. Wafuasi wake waliiendeleza namna yake kwa heshima, na wengine wasio wafuasi waliiendeleza sahihi yake kwa khiana, hata mkusanyaji anayeziuliza leo picha za mkono wake mwenyewe hulazimika kuuchunguza ubao, misumari na mgongo wa picha kabla ya kuutazama uso.

Tangu Novemba 2013 mnada wa sanaa umetufikia jirani, pale Circle Art Agency ilipoanza kuuza Nairobi kazi za Kenya, Uganda na Tanzania mbele ya wanunuzi ambao wengi wao ni wa humu humu. Na Kenya, kwa marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2019, imeweka asilimia 5 ya bei ya kuuzwa tena iwe haki ya msanii. Mgawo huo hulipwa kwa jina. Basi wale wa Singida walio na kigoda cha babu, ubao wa rangi ulionunuliwa Dar es Salaam zamani, au karatasi ya katuni waliyopewa na mchoraji mwenyewe, wana kazi inayoweza kufanywa jioni moja kwa penseli laini: kuandika nyuma yake, au katika karatasi itakayokaa nayo, nani alikifanya, kijiji gani, mwaka gani, kilitumika kwa shughuli gani, kilipitia mikono ya nani, kukipiga picha mbele na nyuma, na kuacha nakala moja kwa afisa utamaduni wa wilaya, ili itiwe katika jalada lenye nambari. Wazee wajuao majibu ya maswali hayo wangali hai Ikungi, Mkalama na Iramba, na wengi wao hawajapata kuulizwa.