Hamasa: Neno Lililowahi Kuwa Tusi

Leo tukisema ibada ilikuwa na hamasa, tunaisifu. Lakini Uingereza ya karne ya 18, neno la Kiingereza lenye maana hiyo lilikuwa tusi. Asili yake ni Kiyunani: kuwa na mungu ndani. Wakubwa wa kanisa walimwita hivyo mtu aliyedai kuongozwa na Roho ilhali, kwa maoni yao, anafuata mawazo yake tu.

Tusi hilo lilimwangukia John Wesley. Tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano wa barabara ya Aldersgate, London, alihisi moyo wake ukipata joto la ajabu. Mwaka uliofuata akaanza kuhubiri viwanjani, na wachimba makaa wa Kingswood wakamsikiliza. Mwaka 1749 Askofu wa Exeter, George Lavington, alianza kuchapisha kitabu cha kuwashutumu Wamethodisti kwa kosa hilo.

Wesley hakutetea kila kelele. Katika mahubiri yaliyochapishwa mwaka 1750, juu ya Festo kumwambia Paulo kwamba ana wazimu (Matendo 26:24), alikiri kwamba hamasa ya uongo ipo. Ni kudhani tunayo neema tusiyo nayo, au kutaka baraka huku tumeziacha njia alizotupa Mungu, kama kusoma Maandiko.

Mvutano huo ulifika hata kwetu Afrika Mashariki. Wakati wa Uamsho, mwaka 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, Uganda, baada ya mzozo juu ya mikutano yao ya sala na kuhubiri. Hata hivyo wanauamsho wengi walibaki kanisani. Mmoja wa watu wa Uamsho, Festo Kivengere, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi mwaka 1972.

Basi sisi tufanyeje vijana wanapokesha na kuomba kwa sauti kuu? Tumtazame Apolo (Matendo 18:24-26). Luka anatumia kwake neno la Kiyunani la kuchemka, kama maji jikoni: alichemka rohoni, lakini aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila hawakumnyamazisha wala hawakumwacha alivyo. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Wazee wetu, tuwakaribishe vijana hao nyumbani, tufungue nao Maandiko. Nasi tuliopoa tukae karibu nao, tupate joto.