Chombo cha Kifo Kilichofika Walenisi

Ninapofundisha bunilizi ya kisayansi, wanafunzi hunitajia filamu za Marekani. Ni wachache waliowahi kumsikia Katama Mkangi. Mwanasosholojia huyu wa Kenya, mhadhiri wa chuo kikuu, aliwekwa kizuizini mwaka 1986, enzi za Moi, pasipo kufikishwa mahakamani. Mwaka 1995 alichapisha riwaya ya *Walenisi*. Dzombo, mhusika mkuu, anahukumiwa kifo na kufungiwa katika chombo cha kurushwa angani. Anamudu kukiongoza, akatua kwenye sayari yenye jamii ya usawa. Ukilikata jina lake, unasoma “wale ni sisi”. Nakiri kwamba mazungumzo ya huko mara nyingine hugeuka mihadhara. Ni maradhi yetu wahadhiri. Lakini ni nani mwingine aliyekigeuza chombo cha mnyongaji kuwa usafiri wa mfungwa?

Mkenya mwenzake, Wanuri Kahiu, alilirejea suala hilo katika filamu fupi ya *Pumzi*, mwaka 2009. Baada ya vita vya maji, wenye mamlaka huwaamuru watu kumeza dawa za kuzima ndoto. Asha, mtunza makumbusho, anatorokea jangwani na mche mmoja.