Mpango wa dharura kiwandani: Funzo kutoka Songo Songo

KISIWA cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mkoani Lindi, kina vitu viwili ambavyo ni nadra kukutana mahali padogo: kijiji cha wavuvi na mitambo ya kusafisha gesi asilia.

Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974 na uzalishaji ukaanza mwaka 2004. Baada ya kusafishwa kisiwani, husafirishwa kwa bomba chini ya bahari kwa takriban kilometa 25 hadi Somanga, kisha nchi kavu kwa zaidi ya kilometa 200 hadi Dar es Salaam. Mwaka 2015 likafuata bomba kubwa kutoka Mtwara, ambalo huungana na tawi la Songo Songo hapo Somanga.

Kwa sababu hiyo, ajali kisiwani humo ingemgusa mvuvi aliye jirani na mitambo na pia mwenye kiwanda aliye mbali. Ndiyo maana mpango wa kukabiliana na dharura hauwezi kuwa karatasi ya kumridhisha mkaguzi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuzitambua hatari za sehemu yake ya kazi na kuwakinga wafanyakazi. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inahusu kinga ya moto na uokoaji, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inahusu maafa kwa jumla.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha hatari. Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na kwa asili haina harufu. Huweza kuwaka inapofikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kwa hiyo pua ya mlinzi haitoshi. Vinahitajika vifaa vya kutambua uvujaji na vali za kufunga gesi kwa haraka.

Hatari nyingine hutoka baharini. Mwaka 1952 kimbunga kiliipiga pwani ya Lindi, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta upepo mkali na mvua kubwa. Mafuriko yaliharibu barabara na madaraja eneo la Somanga, na usafiri kati ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini ukakatika.

Tukio hilo linaonyesha udhaifu wa mpango unaotegemea msaada wa mbali. Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga iko Kilwa Kivinje, ng'ambo ya maji. Bahari ikichafuka, boti haitoki. Saa za mwanzo za dharura ni za wale waliopo kisiwani, na huduma ya kwanza, dawa, maji ya kuzimia moto na redio za mawasiliano sharti viwepo kabla.

Hatua ya pili ni kugawa majukumu. Ijulikane nani hupiga king'ora, nani hufunga gesi, nani huhesabu watu na nani huzungumza na serikali ya kijiji. Kila jukumu liwe na msaidizi, kwa kuwa dharura haichagui zamu.

Hatua ya tatu ni njia ya kuondokea na sehemu ya kukusanyikia. Kisiwani, upepo ndio huamua. Wakati wa kusi gesi iliyovuja huelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi hugeuka. Sehemu moja ya kukusanyikia haitoshi kwa mwaka mzima. Wanakijiji nao wafundishwe maana ya king'ora na wapi pa kukimbilia.

Hatua ya nne ni mazoezi, yakiwemo ya usiku. Julai 6, 1988, watu 167 walikufa katika jukwaa la mafuta la Piper Alpha, pwani ya Uskoti. Pampu iliyokuwa katika matengenezo iliwashwa kwa kuwa taarifa hazikuwafikia wa zamu iliyofuata, na mabomba ya majukwaa jirani yakaendelea kuulisha moto.

Funzo hilo linafaa pia kwa mwenye ghala, kituo cha mafuta au hoteli mjini Kilwa Masoko. Mlango wa dharura usifungwe kwa kufuli, mitungi ya kuzimia moto ikaguliwe, na namba 114 ya Zimamoto ibandikwe ukutani.

Mpango upitiwe upya kila mtambo, jengo au wafanyakazi wanapobadilika. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na kisiwani tahadhari hiyo ndiyo msaada pekee usiongoja bahari itulie.