Damu Nyuma ya Figo

Mwaka 1856 daktari Mjerumani Carl Reinhold August Wunderlich, yule yule aliyekuja kuwafundisha madaktari kufuatilia homa kwa kipimajoto, alieleza hali ya kutisha: mtu hajapigwa wala hajaanguka, lakini ghafla anashikwa na maumivu makali ubavuni huku damu ikijikusanya kuizunguka figo. Théophile Bonet alikwisha kuigusia hali hiyo katika karne ya 17, ila jina lililobaki ni la Wunderlich. Ishara zake tatu, yaani maumivu ya ubavu, uvimbe unaoshikika kwa mkono na mwili kuishiwa damu, zilikuja kuitwa kwa jina la Lenk. Wagonjwa wengi hawana zote tatu, na hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kupasua na kuitoa figo nzima. Wako wanaowalaumu madaktari wa zama hizo kwa wepesi wa kisu, naona wanawaonea. Damu hiyo huweza kutoka kwenye saratani, kwenye mishipa iliyovimba kwa ugonjwa, au kwenye angiomiolipoma, uvimbe usio saratani uliojaa mafuta na mishipa dhaifu. Mpasuaji aliyekuta bonge la damu iliyoganda hakuwa na njia ya kujua kilichojificha chini yake. Kuiacha figo ilikuwa kubahatisha na uhai wa mtu.

Kilichoziokoa figo ni kuona. Mwaka 1953 Sven Seldinger wa Sweden alionyesha jinsi ya kupitisha mpira mwembamba ndani ya ateri kwa kutumia sindano na waya. Kwa njia hiyo baadaye wataalamu waliweza kuziba tawi moja tu linalovuja, figo iliyobaki ikaendelea kuishi. Oktoba 1971, London, mashine ya CT ya mhandisi Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza. Ilianza na ubongo, lakini ilipofika tumboni, mafuta ya angiomiolipoma yalijitokeza yakiwa meusi kuliko nyama iliyoyazunguka.

Mtu atasema kilichookoa watu ni damu ya kuongezewa, iliyowezekana kwa usalama baada ya Karl Landsteiner kugundua makundi ya damu mwaka 1901. Ni kweli, bila hiyo wengi wasingefika kwenye mashine. Lakini damu humpa mgonjwa muda tu. Haisemi inavuja wapi. Hoja nzito zaidi ni kwamba hata CT hudanganyika, kwa kuwa damu iliyoganda huweza kufunika uvimbe mdogo. Ndiyo maana picha hurudiwa damu ikishanyonywa na mwili. Kusubiri hivyo, figo ikiwa bado mahali pake, ni nafasi ambayo mpasuaji wa zamani hakuwa nayo. Na yule ambaye presha yake haishiki hata akiongezewa damu, huku tawi linalovuja likishindikana kuzibwa, bado hupelekwa chumba cha upasuaji, na figo yake hutolewa.