Kisu cha Omobari

Miaka mingi niliwaambia walimu wanafunzi kwamba upasuaji uliletwa na Wazungu. Nilikosea. Huko Kisii, nchini Kenya, omobari alifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa na kuteswa na maumivu yasiyokwisha. Hakutumia keekee ya meno kama ya Wagiriki, ambayo Hippocrates aliagiza ichovywe mara kwa mara katika maji baridi isije ikaunguza mfupa. Alikwangua kwa kisu kidogo kilichopinda, polepole, hadi karibu na utando wa ubongo. Hapo mkono ulisimama. Kuutoboa utando ni kuua. Katika miaka ya 1950 Daktari Edward Margetts, wa Hospitali ya Mathari, Nairobi, alichunguza kazi hiyo, akawaona waliopona. Wanafunzi wangu wale nao wamestaafu. Nikiwakuta hapa Kitai, huwasimulia habari za kisu hicho.