Siri ya mtungi muulize kata: namna ya kuchagua programu ya ujumbe

Picha za kina mama waliovua mabuibui siku ya kupamba, mazungumzo ya mahari, majibu ya hospitali, deni la ndugu: yote haya siku hizi hupita kwenye simu. Mtungi ni wetu, lakini kata ni programu inayobeba ujumbe. Kabla hujaiamini, iulize maswali matatu.

La kwanza: ujumbe unafungwa wapi? Programu nzuri huufunga kwenye simu ya mtumaji, ukafunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu. Signal na WhatsApp hufanya hivyo bila kuambiwa. Telegram haifanyi hivyo kwa mazungumzo ya kawaida wala ya makundi. Ni mpaka ufungue mazungumzo ya siri, nayo ni ya watu wawili pekee.

La pili: je, ni programu huria? Huria maana yake ni kwamba maandishi ya kompyuta yaliyoiunda yamewekwa hadharani, na mtaalamu yeyote aweza kuyakagua. Ni kama mpishi anayepika mbele ya wateja. Tangu 2016 WhatsApp hutumia kufuli lililobuniwa na watu wa Signal, lakini jiko lake lenyewe limefungwa.

La tatu: mwenye programu anajua nini juu yako? Hata asiposoma ujumbe, aweza kujua unaongea na nani, lini na mara ngapi. Mwaka 2016 Signal ilidaiwa kisheria nchini Marekani itoe habari za mtumiaji. Ilichoweza kutoa ni tarehe ya kufungua akaunti na siku ya mwisho kuunganishwa, basi. Haikuwa na zaidi.

Programu huria zilizopo si moja. Signal ni nyepesi kwa familia. Hutaka namba ya simu kujisajili, ila tangu 2024 waweza kutumia jina na kuificha namba yako. Session haitaki namba kabisa. Element hukuruhusu kuchagua seva itakayohifadhi mazungumzo yako, na yafaa kwa vikundi vyenye mtu anayeelewa mitambo. Briar, ya simu za Android, hupeleka ujumbe kwa Bluetooth au Wi-Fi hata intaneti ikikatika, mradi mko karibu.

Kwa nyumba nyingi, ushauri wetu ni Signal. Usijaribu kuhamisha ukoo mzima kwa siku moja. Anza na kundi dogo, mama na ndugu zako, kwa yale ya ndani, na matangazo ya mtaa yabaki yalipo. Weka PIN na uwashe kufuli la usajili, ili mwizi wa laini asijisajili kwa namba yako. Washa ujumbe unaojifuta kwa mambo nyeti. Panga pia nakala ya akiba mapema, kwani simu ikipotea bila nakala hiyo, mazungumzo nayo yamekwenda.

Na ukibaki WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, uifunge nakala ya akiba kwa nenosiri. Usipofanya hivyo, nakala inayokaa kwenye mtandao hailindwi na kufuli lile lile la ujumbe.

Mwisho, hakuna kufuli linalomzuia mpokeaji kupiga picha kioo cha simu na kuisambaza. Chagua kata njema, na uchague pia unayemkaribisha kunywa.